Kina cha Kila Baiti ya Nne

Marehemu mjomba wangu alikuwa mshairi asiyependa karatasi. Tungo zake alizighani katika kinasa sauti kidogo, akakifunga kwa namba ya siri ya tarakimu nne. Alipofariki alituachia kinasa. Namba akaenda nayo. Kijitabu cha maelezo kilionya kwamba kukirejesha chombo katika hali ya kiwandani kungefuta kila kitu.

Nilisita, kwani aliyefunga ana sababu. Mama ndiye aliyenipa idhini: “Fungua, mwanangu. Kama ametusengenya, atakuwa ametusengenya kwa vina.”

Nilipokifungua kwa bisibisi, nikakuta jina la kichakataji limekwanguliwa. Utamhojije usiyejua anasema lugha gani? Kando yake palikuwa na chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane. Hiyo nikaisoma peke yake, nikapata kurasa na kurasa za namba za msingi wa 16, ambamo baada ya 9 huja A hadi F. Usiku wa tatu, macho yaliyochoka kutafuta maana yakaanza kuona umbo. Kila baiti ya nne ilianza na E: E3, E5, E1, EB, kisha E5 tena.

Wapenzi wa ushairi, hicho si kina?

Vichakataji vya jamii ya ARM, katika mfumo wa biti 32, hupokea amri za baiti nne nne, na biti nne za juu kabisa hutaja sharti la kuitekeleza amri. Amri nyingi hutekelezwa daima, na alama ya “daima” ni E. Kwa kuwa baiti ya juu kwa kawaida huhifadhiwa mwisho, E hukaa palepale kinapokaa kina cha mwisho. Penye sharti, kina hubadilika: 0 ni “ikiwa sawa”, 1 ni “ikiwa si sawa”. Basi nikaacha kutafuta kufuli, nikatafuta vina vilivyovunjika, maana hapo ndipo chombo kinapoamua.

Kwenye bodi mlikuwa na vidoti vinne vya shaba visivyo na majina. Nilivishuku kuwa JTAG, lango ambalo wahandisi huliacha ili wakague kazi yao: waya wa kuingiza data, wa kutoa, wa mapigo ya saa na wa kuchagua hali. Vidoti vinne vina mipangilio 24. Nililehemu, nikajaribu, nikaunguza kidole; mpangilio wa 17 ukajibu. Nikakiamuru kichakataji kisimame penye kina kilichovunjika, nikabonyeza 0000, nikasoma rejista zake. Moja ilikuwa na sifuri zangu. Ya pili ilikuwa na 1952, mwaka aliozaliwa mama.

Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua; fumba, fumbua. Lakini kwa kazi hii ya kukirudisha nyuma kilichoundwa hadi siri yake ionekane, sijasikia mtu akisema “kuundua”. Mimi nimeanza kulisema.

Katika rekodi ya kwanza mjomba anaghani ubeti, anapungukiwa mizani mbili katika mshororo wa tatu, anakohoa, anajilaumu, anaanza upya. Mama aliniomba niirudie hapo kwenye kikohozi.