Kazi Isiyoandikwa Katika Wasifu

Mwezi uliopita nilikwenda Mlali kumzika mwalimu wangu. Nilishuka basi Pandambili, nikapanda bodaboda kuingia ndani, vumbi la Kongwa likitusindikiza njia nzima. Nilipofika, ibada ilikuwa imekwisha na ofisa aliyetumwa na mwajiri alikuwa anaanza kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa hapa hapa. Akaajiriwa kuwa mkufunzi wa Jiografia katika chuo cha ualimu. Akapanda madaraja kwa kufuata muundo wa utumishi. Akastaafu kwa mujibu wa sheria. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu.

Wasifu ukaishia hapo. Nyuma ya jamaa wa marehemu tulisimama watu wapatao ishirini, wengine tukiwa na mvi, tuliotoka Singida, Morogoro, Mwanza na Dar es Salaam. Tulitazamana kwa mshangao. Hakuna hata mmoja wetu aliyesafiri umbali ule kwa ajili ya Jiografia. Tulikuwa wachezaji wake wa tenisi.

Mwalimu alijifunza mchezo huo akiwa kijana, kwa kuokota mipira katika klabu moja ya wakubwa mjini. Alipoajiriwa chuoni alikuta uwanja wa saruji ulioota nyasi kwenye nyufa. Mkuu wa chuo wa wakati huo akamwambia, "Shughulikia na michezo." Hiyo "na" ndiyo iliyokuwa barua yake ya uteuzi kwa miaka ishirini na saba. Haikuambatana na posho wala fungu la fedha, na hakupunguziwa hata kipindi kimoja cha darasani.

Alitufundisha kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa kumi na wanane na raketi nne. Wavu aliusuka mwenyewe kwa kamba za katani. Wasichana walicheza kwanza kila siku, kwa sababu, alisema, wakiwekwa mwisho wataambiwa kengele ya darasa imelia. Mipira ilipochakaa, alinunua mingine kwa mshahara wake, jambo tulilolijua baadaye kutoka kwa mkewe.

Lililo kubwa kuliko yote lilikuwa somo lake kuhusu mistari ya uwanja. Katika tenisi isiyo na mwamuzi, wewe ndiye unayetamka kama mpira wa mpinzani wako umeingia au umetoka. Ukiwa na shaka, umeingia. Mwalimu hakuwa mkali kwa aliyeshindwa, ila alimsimamisha wiki nzima aliyeuona mpira ndani akasema umetoka. "Hapa hakuna polisi," alituambia. "Uko wewe na macho yako."

Kwingineko kazi ya namna hii ina ofisi na mamlaka. Nchini Marekani, J. D. Morgan alikuwa kocha wa tenisi wa Chuo Kikuu cha UCLA, kisha mwaka 1963 akawa mkurugenzi wa michezo yote ya chuo hicho. Arthur Ashe, kijana mweusi kutoka Richmond, mji ambao ubaguzi ulimfungia viwanja vya wazungu, aliingia UCLA kwa ufadhili wa masomo. Mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vikuu, mwaka 1966 akahitimu shahada ya usimamizi wa biashara, na mwaka 1975 akatwaa Wimbledon. Kipaji kilikuwa cha Ashe mwenyewe, lakini kocha wake aliketi kwenye meza ambako fedha na viwanja huamuliwa.

Watoto wetu nao wamefuata meza hizo. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Mkenya Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alitwaa ubingwa wa Wimbledon kwa wasichana wawili wawili mwaka 2022, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn.

Mtu asidhani kwamba hapa hatukuwa na uwezo. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, dakika 3 na sekunde 32.16, akiwa mtoto wa nchi hii. Sote tunamjua Bayi. Ni wangapi kati yetu wanaolijua jina la Erasto Zampi, kocha wa riadha wa taifa wa enzi hizo? Tunalo Baraza la Michezo la Taifa tangu 1967 na Sera ya Maendeleo ya Michezo tangu 1995. Maneno hayajatupungukia. Kilichopungua ni kumtambua mtu anayeshika filimbi kuwa mtu mwenye kazi.

Hapa, ndugu msomaji, sina budi kujitaja.

Miaka mingi baada ya kuhitimu niliteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya chuo kile kile. Katika kikao changu cha pili yaliletwa mapendekezo ya kugeuza uwanja wa tenisi kuwa maegesho ya magari. Mwenyekiti akauliza ni nani msimamizi wa uwanja huo, ili aitwe atoe maelezo. Akajibiwa kuwa cheo hicho hakipo. Kwa kuwa hakipo, hapakuwa na wa kuitwa. Akauliza tena kama uwanja unatumika. Chumba kikanyamaza.

Mimi nilijua unatumika. Asubuhi ile ile, nikitoka nyumba ya wageni, nilisikia mlio wa mpira kwenye saruji kabla jua halijachomoza. Lakini nilikuwa mgeni katika bodi, na sikutaka kuonekana mbele ya watu wazito kuwa nimekuja kutetea michezo. Nikainamia makabrasha yangu. Muhtasari wa kikao unasema wajumbe wote waliafiki. Mpira ulikuwa ndani, nami nikauacha uhesabiwe kuwa umetoka.

Mwalimu alijua kuwa nilikuwamo. Tulipokutana baadaye aliniuliza habari za watoto wangu na za kazi, kisha akaniaga kwa ukarimu ule ule. Alikuwa amehamia kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya bwalo, akichora mistari kwa majivu. Hakuniuliza lolote kuhusu kikao. Ningefurahi kama angeniuliza.

Baada ya mazishi tulikula ugali wa mtama na mlenda kwa mjane. Alitutolea madaftari yenye majina yetu, tarehe, nani kaazimwa raketi, nani hana viatu. Jina langu limo, na mbele yake ameandika: "Ana haraka ya kushinda. Afundishwe kusubiri."

Kwa watumishi wenzangu: mnapojaza malengo yenu katika PEPMIS, mkufunzi anayefundisha michezo alfajiri aiandike kazi hiyo, na msimamizi wake aikubali na kuipima. Isipoandikwa huko, haitaingia katika jalada lake, na wasifu wa msiba hutoka katika jalada. Kwa wanafunzi: muulizeni kocha wenu analipwa nini, na mipira hiyo imenunuliwa na nani. Kwa wanaharakati: tunadai viwanja, tudai pia kwamba anayevihudumia awe na cheo, ili siku ya kuvibomoa awepo wa kuitwa.

Kwa upande wangu, nimeiandikia bodi barua mbili. Ya kwanza inaomba kazi ya miaka ishirini na saba iingizwe katika jalada la marehemu, ikiambatana na nakala za madaftari yake na sahihi za wachezaji kumi na wanane. Ya pili inahusu ule muhtasari. Nimeeleza kuwa uwanja ulikuwa unatumika, kwamba nilijua, na kwamba sikusema. Nimezipeleka kwa mkono Jumatatu. Nikijibiwa, nitawaarifu.