Kabla ya kuuza mkweche Bariadi, pima moto kwanza!

Washkaji wengi wa mjini ukiwatajia Simiyu wanajua pamba tu, na wengine hata hiyo hawaijui. Basi nawapa somo la bure. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulianzishwa 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na makao makuu yakawa Bariadi. Ukitoka Mwanza unachanja lami ya Musoma, unapita Magu, na ukifika Lamadi, jirani na geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, unakata kulia. Kilomita kama 70 hivi, Bariadi hiyo hapo.

Lakini safari hii kilichonipeleka hakikuwa pamba. Ni chuma.

Nje kidogo ya mji, nyumbani kwa mjomba wangu, kuna Land Rover Series III chini ya mwembe, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Aliinunua kwa pesa ya pamba. Imebeba magunia, wagonjwa na maharusi, ikakanyaga ule udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ulimbo. Mwaka 2009 ikawekwa juu ya mawe, na tangu hapo haikuwahi kuwaka. Binamu zangu wakaona isiwe tabu, wakamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Angefika Jumatatu na mizani yake. Mimi nimefika Jumamosi.

Baada ya shikamoo, mzee akaniambia, "Mjomba, hebu itazame. Ikikataa, waichukue. Ikikubali, mtu asiiguse."

Sasa sikiliza, msomaji. Uzuri wa magari haya ya zamani ni kwamba hayana kompyuta. Moto wake unapita njia moja ambayo unaweza kuifuata kwa kidole: betri, swichi, koili, pointi zilizomo ndani ya distribyuta, halafu zile waya nene mpaka kwenye plagi. Pointi zikiachana, koili inatema umeme wa maelfu ya volti na plagi inapiga cheche. Njia ikikatika popote, gari kimya.

Betri yake ilikuwa marehemu, kwa hiyo tukaazima ya trekta la jirani. Stata ikazungusha injini vizuri, lakini haikushika. "Si tulisema? Kimeo hicho," binamu mmoja akacheka.

Hapo ndipo wengi wanapoanza kununua spea ovyo. Usifanye hivyo. Chomoa plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze bati lake ligusane na injini, ishike kwa plaizi yenye mpini wa mpira, mbali na petroli, halafu mwenzio apige stata. Cheche ya bluu ikiruka, tatizo litafute kwenye mafuta. Yetu haikuruka hata kidogo. Kabureta tukaiacha kama ilivyo.

Tukachukua balbu ya gari yenye waya mbili. Mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye koili upande unaotoka swichi. Giza! Kuufuata ule waya, kumbe panya walishaufanya chakula cha jioni. Tukaubadilisha, balbu ikawaka.

Tukahamia upande wa pili wa koili, ule unaokwenda kwenye distribyuta. Injini ikizunguka, balbu inatakiwa iwake na kuzima, iwake na kuzima. Yetu iliwaka moja kwa moja. Maana yake pointi zikikutana hazipitishi umeme. Tukafungua kifuniko, tukakuta zimeshika utando wa kijivu, matokeo ya miaka ya unyevu na kukaa. Msasa laini, kitambaa safi, kisha tukapima nafasi yake zikiwa zimeachana kabisa: milimita 0.35 mpaka 0.40. Plagi tukaijaribu tena. Cheche ya bluu hiyo, tena yenye mlio!

Petroli ya zamani tukaimwaga, tukaweka mpya. Stata ya tatu, mwembe mzima ukajaa moshi na kuku wakatimua mbio. Mzee hakuruka wala kupiga kelele. Alisema neno moja tu la Kisukuma, "Mhola," yaani shwari, akaweka mkono juu ya boneti.

Msije mkadhani tuliingia nayo mjini kutamba. Kuwaka si kutembea. Breki zilizolala miaka yote hiyo haziaminiki mpaka zifunguliwe, na matairi yake yana nyufa. Kazi ipo bado. Ila kilichokuwa kimeiua ni kipande cha waya na utando mwembamba kuliko karatasi, na kwa hayo mawili ilikuwa ikauzwe kwa kilo.

Jumatatu yule bwana wa mizani alifika kama alivyoahidi. Hakuondoka mikono mitupu, tulimuuzia betri.