Kipili: Mvua Ikikuzuia, Kaa

Kwa sisi wa Dar mvua ni kero tupu. Foleni, matope, nguo hazikauki, daladala haziingiliki. Tukiona wingu tu, tunaanza kununa. Lakini mimi kuna mahali nimeikuta mvua nikaishukuru. Mahali penyewe ni Kipili, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, mkoa wa Rukwa.

Huko hawahesabu vuli na masika kama sisi wa Pwani. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na kabla yake ni miezi ya ukavu. Matone ya kwanza yakianguka hakuna anayenuna. Mahindi, maharage na ulezi wa Ufipa vyote vinasubiri hayo.

Tulikwenda Novemba, mimi na mume wangu, kumwona mama yake. Sumbawanga mjini, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tulivaa masweta. Ukishapita Namanyere, barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, na masweta yanavuliwa yenyewe. Chini kabisa ndipo lilipo ziwa, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kina chake kinafika mita 1,470.

Na ukimya wetu nao ulikuwa na kina, jamani. Mwaka mmoja nyuma mimba yetu ilikuwa imeharibika. Tangu hapo tuliongea mambo ya Luku na kodi ya nyumba tu. Kila mmoja na simu yake, kila mmoja na upande wake wa kitanda.

Siku ya tatu, siku ya kuondoka, wingu likatanda. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, na dagaa wakilowa ni hela iliyopotea. Kina mama wakatoka mbio na mabeseni. Na sisi tukakimbia. Mume wangu akashika ncha moja ya turubai, mimi nyingine, upepo unavuta huku na huku. Waliookolewa waliokolewa. Wengine wakalowa, na jirani mmoja akasimama anawatazama bila kusema neno. Usidhani mvua ni neema kwa kila mtu kwa saa ileile.

Gari la kurudi halikuja, barabara ilikuwa utelezi mtupu. Mtandao nao ukakata. Mume wangu akawa anatoka kibarazani kila dakika kuangalia anga. Mama mkwe akamcheka.

"Baba, mvua haiharakishwi. Njoo ule na mkeo."

Tukala ugali na migebuka, bati linapigwa juu kama ngoma. Mama akatusimulia walivyokuwa wakiisubiri Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzinduliwa Kigoma mwaka 1915. Kwa miaka mingi ilisimama majini mbele ya Kipili, abiria wakiifuata kwa mitumbwi. Ikichelewa, watu walikaa wakapiga soga.

"Wengine walipata wachumba hapohapo wakisubiri meli," alisema.

Jioni mama akaenda kulala mapema, makusudi nadhani. Tukabaki sisi wawili na kelele za bati. Ndipo mume wangu akaniambia jina alilokuwa amemchagulia mtoto. Mwaka mzima alikuwa nalo moyoni. Nililia, naye akalia. Hatukuongea mengi zaidi ya hapo, ila tulilala tumeshikana mikono.

Mvua haikuturudishia mtoto. Ilichofanya ni kutufungia mlango kwa siku mbili, tukakosa pa kukimbilia. Kwa hilo naishukuru mpaka leo.

Ukitaka kwenda, anzia Sumbawanga upande gari la Namanyere na Kirando. Ukienda miezi ya mvua usijibane na ratiba. Beba sweta la juu mlimani na nguo nyepesi za ziwani. Na kama safari haipo mwaka huu, vuli yetu ya Dar inatosha. Siku mvua itakapokuzuia kutoka, weka simu chini, bandika chai ya tangawizi, kisha muulize mwenzio lile swali ambalo wote wawili mmekuwa mkilizunguka.