Maumivu Yameisha, Jeraha Bado

Akina mama wenzetu, anayekata nyama ya mguu wa ng'ombe anaujua ule utando mweupe unaosumbua kisu. Sisi tuliutupa miaka yote bila kuuliza kazi yake, mpaka kijana wetu alipoumia.

Alikuwa akikimbia mita 100 katika michezo ya shule. Katikati ya mbio alishika nyuma ya paja, akaanguka. Usiku ule sisi wazazi wake tulimkanda kwa maji ya moto na kumsugua kwa nguvu, kama tulivyofanyiwa utotoni. Siku ya kumi akasema haumwi tena. Tukafurahi, tukamruhusu kurudi uwanjani. Msuli ukachanika tena pale pale, vibaya zaidi.

Daktari alitueleza kwa upole. Msuli una nyuzi nyingi nyembamba. Kila uzi umevikwa utando, kila fungu la nyuzi lina utando wake, na msuli mzima pia. Tando hizo huungana na kano, ambayo huanzia ndani ya msuli na kwenda kushika mfupa. Mtu akikimbia kwa kasi, msuli wa nyuma ya paja hunyooshwa huku umejikaza, na mara nyingi huchanika pale nyuzi zinapokutana na kano. Ikiwa kano nayo imechanika, kupona huchukua muda mrefu zaidi. Maumivu hutangulia kuisha, kovu likiwa bado changa.

Tulijilaumu sana. Tulimkumbuka Derek Redmond wa Uingereza, aliyechanika msuli wa paja Barcelona mwaka 1992 katika nusu fainali ya mita 400. Baba yake alishuka kutoka jukwaani, akamshika, wakamaliza pamoja wakichechemea. Sisi wetu tulikuwa tumemharakisha.

Basi mtoto akiumia hivyo, siku mbili tatu za mwanzo apumzike, mguu uinuliwe, uwekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 kila mara. Asikandwe kwa moto wala kusuguliwa, maana damu huzidi kuvujia ndani. Baadaye afanye mazoezi ya polepole, na asikimbie kwa kasi mpaka mtaalamu apime nguvu za miguu yote miwili.

Safari ya pili tulisubiri miezi mitatu. Kijana alinuna, lakini leo anakimbia, tunamshukuru Mungu. Mwenda pole hajikwai.