Mbwa Aliyebaki Lori Lilipoondoka

Amri ya uhamisho ifikapo katika nyumba ya askari, mambo huenda mbio. Vitanda hufunguliwa, masufuria hufungwa ndani ya mashuka, watoto huombewa barua za kuhamia shule nyingine, na mama wa nyumba huhesabu kuku wa kuuza na kuku wa kuchinja. Lori limekwisha kujaa hadi juu ndipo linapozuka swali ambalo hakuna aliyelifikiri tangu alfajiri: na mbwa je? Aghalabu jibu ni kwamba jirani atamtupia makombo. Jirani naye ana watoto sita na mshahara ule ule. Haupiti muda makombo yamekwisha, na mnyama aliyelinda mlango kwa miaka minne anaonekana akipekua jalala nyuma ya bucha.

Jambo hili si la watu wa kambini peke yao. Kampala ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Wafanyakazi wa mashirika ya kigeni hurejea makwao mikataba yao ikimalizika. Wapangaji huhamia nyumba ambazo mwenyewe hataki mnyama uani. Mzee mwenye boma hufariki, na warithi wakagawana kila kitu isipokuwa mbwa. Kila mlango unaofungwa kwa namna hiyo huongeza mbwa koko mmoja katika vichochoro vya mji, na akiwa ni jike asiyefungwa uzazi hesabu hiyo haikai kuwa moja. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, naye aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Kwa ajili ya wanyama kama hao liliundwa, mwaka 1996, shirika la hiari liitwalo Uganda Society for the Protection and Care of Animals, ambalo kwa kifupi hutajwa kuwa USPCA. Shirika hilo likaanzisha mjini Kampala makao ya mbwa na paka yaitwayo The Haven, maana yake kimbilio. Haikuwa fikira ngeni duniani. Chama cha kwanza cha aina hii kiliundwa London mwaka 1824, na nyumba ya mbwa waliopotea ilifunguliwa katika mji huo huo mwaka 1860 na bibi mmoja aitwaye Mary Tealby, ambaye wakubwa wa magazeti ya siku zile walimcheka. Nairobi ilipata chama chake mwaka 1910. Hapa Kampala cheko hilo bado husikika. Utamsikia mtu akiuliza: watu wenyewe hawajatosheka, itakuwaje mbwa apewe daktari na sahani? Swali hilo si la kipumbavu, na litajibiwa hapa chini. Lakini kwanza yafaa ijulikane kazi yenyewe hufanywaje.

Mbwa akipokelewa katika makao ya namna hii hachanganywi na wenzake papo hapo. Hutengwa siku kadhaa, aangaliwe kama anakula, kama anakohoa, kama kinyesi chake kina damu. Hutolewa kupe na viroboto, hupewa dawa ya minyoo, na hupigwa sindano za chanjo, ile ya kichaa cha mbwa ikiwa ndiyo ya lazima kuliko zote. Vidonda vya kamba shingoni husafishwa. Vidonda hivyo ni vya kawaida mno, kwa sababu watu wengi humfunga mtoto wa mbwa kwa kamba ya katani kisha wakasahau kwamba shingo hukua. Halafu hufungwa uzazi, dume na jike vilevile.

Hapa ndipo mabishano huanza, hasa na akina baba. Mtu aliyekubali kila jambo hadi hapo huinua mkono na kusema kuwa mbwa aliyehasiwa atakuwa goigoi, hatabweka, wezi watamzoea. Husema hivyo kwa uchungu wa kushangaza, kana kwamba ni yeye atakayelazwa juu ya meza ya daktari. Ukweli ni kwamba mbwa hubweka kwa ajili ya ua anaouhesabu kuwa ni wake na watu anaowahesabu kuwa ni wake, na hayo hayaondolewi kwa kisu. Kinachopungua ni kuzurura kumfuata jike mtaa wa tatu, na kupigana huko, na kurudi na jeraha ambalo hakuna ajuaye limetokana na meno ya nani. Kwa mlinzi wa nyumba, kukaa nyumbani si kasoro.

Baada ya hapo mbwa hungoja. Atakayemchukua hapewi kama anayenunua gunia la mkaa. Huulizwa anakaa wapi, kama ua una uzio, kama mwenye nyumba ameridhia, ni nani atakayempa mnyama maji wakati watu wazima wako kazini, na watoto wana umri gani. Wapo wanaoondoka kwa hasira, wakiona kwamba wanafanyiwa upelelezi. Lakini askari angelifahamu jambo hili kuliko raia, maana naye hakabidhiwi silaha ya serikali kabla ya kuulizwa maswali na kutia sahihi. Mbwa aliyerudishwa mara mbili huharibika tabia. Huanza kuogopa kila mkono unaoinuka, na mbwa mwoga ndiye aumaye upesi.

Mbwa wa polisi, wale waliofunzwa kunusa na kufuata nyayo za wahalifu, hawamo katika maneno haya. Hao wana wahudumu wao, na hakuna awaachaye jalalani.

Sasa lile swali la aulizaye kwa nini fedha itumike kwa mbwa. Jibu lake la kwanza lina jina, nalo ni kichaa. Ugonjwa huu huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Katika kila wagonjwa 100, 99 wameupata kwa mbwa. Dalili zikishadhihirika, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kukakamaa koo, daktari hana la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso. Lakini kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili aghalabu hupita majuma kadhaa, hata miezi miwili au mitatu, na katika muda huo mtu huokoka akitendewa ipasavyo. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, bila kutiwa pilipili, mafuta ya taa wala majani yaliyopondwa. Kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo akaanzishiwe chanjo, na arudi kwa kila sindano aliyopangiwa, hata kama jeraha limekwisha kupona na kusahauliwa. Watoto huficha mikwaruzo kwa kuogopa kuchapwa, hasa ikiwa walikatazwa kumchezea mbwa huyo. Mama atakayeapa mbele ya watoto wake kwamba hatampiga yeyote atakayekiri kuumwa amefanya jambo kubwa.

Ni hapo ndipo mbwa aliyeachwa na lori anapoingia katika habari hii. Alipokuwa na mwenyewe, alikuwa na mtu wa kumpeleka kuchanjwa kila mwaka. Alipoachwa, chanjo yake ilikwisha nguvu, naye akaanza kula pamoja na mbwa wasiojulikana. Watoto wa kambi bado wanamwita kwa jina lake na kumkumbatia, kwa kuwa wanamkumbuka alivyokuwa.

Miji mingi ya Afrika Mashariki, Kampala ikiwemo, ilizoea kulimaliza jambo hili kwa nyama yenye sumu. Asubuhi mizoga ilizolewa, na watu wakadhani kazi imekwisha. Kumbe haikwisha. Mbwa waliochanjwa walikufa pamoja na wasiochanjwa, jalala likabaki palepale, na mbwa wageni kutoka mtaa wa pili wakaja kurithi chakula, wakiwa hawana chanjo hata mmoja. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri njia nyingine: wachanjwe mbwa 70 katika kila 100, na kichaa kitakosa pa kupita. Kisiwani Pemba jambo hilo lilijaribiwa, ugonjwa ukakoma mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena, chanjo zikarudiwa, nao ukakoma mara ya pili mwaka 2018. Kampala si kisiwa, mbwa wake huja na kwenda kwa njia kumi. Kwa hiyo kila mbwa anayechanjwa na kufungwa uzazi, kisha akatiwa ndani ya ua wenye mtu wa kumwangalia, ni pengo moja lililozibwa.

Jibu la pili ni la ubinadamu, nalo halihitaji takwimu. Sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya tangu mwaka 1957, kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa. Na dini zilitangulia sheria. Nyumba nyingi za Waislamu husita kufuga mbwa, na si bure: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mafundisho hayo hayo yanaruhusu mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, na Hadithi za Mtume zinasimulia juu ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa kwa tendo hilo. Basi asiyetaka mbwa ndani ya nyumba hakosi njia. Kibanda huwekwa uani mbali na jiko, sahani ya mbwa huwa na alama yake, na hakuna kinachonajisika.

Askari waliotumika kaskazini watapendezwa na habari ya Gulu. Huko liko shirika liitwalo The BIG FIX Uganda, lenye hospitali ya wanyama, na ndani yake mpango uliobuniwa na Francis Okello Oloya. Bwana huyu alipofuka utotoni, jembe lake lilipogusa bomu lililosahauliwa ardhini wakati wa vita. Mpango wake huwachukua mbwa waliookolewa njiani, huwachanja na kuwafunga uzazi, kisha humpa kila mmoja mtu aliyeumizwa moyo na vita: aliyetekwa akiwa mtoto, aliyeona jamaa zake wakiuawa, asiyelala usiku. Wawili hao hufunzwa pamoja kwa miezi kadhaa. Mtu ambaye alikuwa hatoki nje hulazimika kutoka, kwa sababu mbwa lazima atembezwe. Anayeamka akipiga kelele hukuta pana kiumbe karibu naye ambacho hakimwulizi neno. Vita haviwaumizi raia peke yao, na kambi za Kampala zina watu ambao wake zao wanajua jinsi wanavyolala.

Imebaki mambo ya nyumbani. Mbwa wa makao anapofika kwa watu wapya, siku za mwanzo asizungukwe na watoto wa mtaa mzima. Aoneshwe maji, aoneshwe mahali pa kulala, aachwe. Usiku wa kwanza huenda akalia, au akakataa chakula. Huo si ugonjwa. Chakula chake hakigharimu kama watu wanavyodhani: posho iliyopikwa laini ikachanganywa na mukene au utumbo wa ng'ombe humtosha, maadamu si posho tupu kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, maana huvunjika kama vijiti na kutoboa matumbo. Cheti cha chanjo kiwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili siku ya uhamisho kisitafutwe. Na ikiwa huko waendako hakuna nafasi ya mnyama, makao yaarifiwe mapema, majuma kadhaa kabla ya lori kuja, si asubuhi ile ile.

Wanaochukuliwa upesi ni watoto wa mbwa, kwa ajili ya uzuri wao, hali wao ndio wenye kazi nyingi: hutafuna viatu vya gwaride, huchafua sakafu, na mlinzi hawatakuwa mpaka mwaka upite. Mbwa mzima wa kienyeji, mwenye rangi ya udongo na sikio lililopasuka, hubaki akingoja miezi. Kwa nyumba ambayo baba yuko zamu ya usiku na mama amebaki na wadogo, huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza: amekwisha kuzoea watu, anajua kutofautisha mgeni na mwizi, na viatu havitamani tena.