Niliandika "unanimous" na haikuwa ukweli

Wasee, nikubali kosa. Mkutano wa maji huku Sigowet, nilipewa kuandika kumbukumbu juu eti Kizungu changu kiko sawa. Mwenyekiti akauliza: kila boma litoe 2,000, mnaonaje? Mikono ikapanda. Akina mama watatu wa nyuma, wale huchuma majani chai, hawakuinua. Mimi nikaandika "unanimous". Neno tamu, si ndio?

Lakini unanimous ni wote, hata mmoja asibaki. Wengi wakishinda, hiyo ni "majority". "Consensus" nayo ni ile ya kokwet: wazee wanakaa na kuongea mpaka hata mbishi aseme haya, twendeni.

Hii mchezo si mpya. Kwa mlolongo wa KANU wa 1988, aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Na waliompinga walikuwa wamesimama hapo hapo kwa laini!

Bomba lilifika. Mmoja wa wale akina mama bado anabeba mtungi kutoka mtoni. Alipolalamika, alisomewa karatasi yangu.

Jumamosi tunakutana tena. Nitaomba ile sentensi isomwe, niifute mbele yake.