Kocha, Mwalimu na Sentensi Nzuri Mno

Wapenzi wa lugha, huku kwetu Tanzania mchezaji wa mpira humwita kocha wake "mwalimu". Mtangazaji wa redio naye husema "mwalimu amefanya mabadiliko", wala hakuna msikilizaji anayedhani kwamba pembeni ya uwanja kuna ubao na chaki. Kwa miaka mingi nililipenda neno hili kwa kujipendelea: asubuhi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili darasani, jioni nikawa mwalimu wa riadha uwanjani. Nilijiona nalistahili jina hilo mara mbili. Leo, nikiwa mstaafu hapa Iguguno, naona ni haki nieleze siku ambayo sikulistahili hata mara moja.

"Kocha" ni neno la kukopa. Limetufikia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kwa mzunguko mrefu kutoka Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita hivyo, kwa utani, mwalimu wa ziada aliyewabeba mpaka wakavuka mtihani. Kwa asili yake, basi, kocha ni chombo cha kubebea. "Mwalimu" ni jamaa ya "elimu", na elimu haimbebi mtu. Hupewa, akaondoka nayo kwa miguu yake mwenyewe.

Tofauti hiyo niliielewa vizuri nilipofuatilia maisha ya mtu mmoja wa nchi jirani. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, alifika katika shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's, Iten, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa amesomea ukocha. Mwalimu mwenzake, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule mkimbiaji wa Uingereza, ndiye aliyemvuta kwenye uwanja wa riadha. Foster alipoondoka, bruda akabaki na vijana pamoja na saa ya kupimia mbio. Baadaye akawa mkuu wa shule hiyo, na hata alipoacha madaraka hakuhama Iten.

Matunda ya kazi yake yanajulikana duniani. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Matthew Birir alishinda mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyesoma shuleni hapo kabla ya kuhamia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Janeth Jepkosgei akawa bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo huko Osaka mwaka 2007. Kisha akaja David Rudisha, ambaye mwaka 2010 aliifuta rekodi ya Kipketer, na tarehe 9 Agosti 2012, huko London, akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Shuleni St. Patrick's imepandwa miti kwa heshima ya waliofika kileleni.

Kilichonigusa zaidi ni namna alivyofika huko. Bruda huyu husema kwamba alijifunza kutoka kwa wanariadha wenyewe, kwa kuwatazama. Katika kambi zake za likizo vijana hufanya mazoezi mepesi ya mkao wa mwili, ya mikono na ya mapigo ya hatua, bila kuharakishwa. Kijana mwenye kipaji huzuiwa asiukimbilie utu uzima. Ninyi washairi mtaelewa upesi: kabla ya kudai beti tisini, mwanafunzi afundishwe kwanza kuisikia mizani.

Mimi nilikuwa na saa kama yake. Tena nilikuwa na ulimi.

Mwaka 1991 nilikuwa na msichana wa kidato cha pili, mkimbiaji wa mita 1500. Alikimbia pekupeku, na hatua zake zilikuwa na urari ambao sijauona tena. Wiki mbili kabla ya mashindano alinijia akasema kwamba ugoko unamuuma. Ningeweza kuinama nikautazama mguu. Badala yake nilisimama mbele ya timu nzima nikatamka: "Maumivu ni ya mwili, ushindi ni wa moyo." Wanafunzi walipiga makofi. Nakiri kwamba usiku ule niliiandika sentensi hiyo katika daftari langu, kwa jinsi nilivyoipenda mizani yake, silabi nane kwa saba.

Alikimbia. Aliongoza mizunguko mitatu, akaanguka kabla ya kona ya mwisho. Alichechemea muhula mzima, na hakukimbia tena.

Zilipita zaidi ya miaka ishirini. Siku moja, nikinunua vitunguu mnadani, mama mmoja alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba, kisha nikamtambua. Nilianza kuomba radhi, maneno yakanikwama. Akanisaidia kwa upole uliozidi lawama: "Ile sentensi yako ilikuwa nzuri sana, mwalimu. Ndiyo maana nilikimbia."

Nimeibeba kauli hiyo mpaka leo. Sisi wa kalamu tunapenda kuamini kwamba neno zuri ni neno jema. Sentensi yangu ilipendeza masikioni, na kila herufi yake ilikuwa uongo, kwa sababu maumivu yale yalikuwa yakisema kweli kuliko mimi. Nilimpakia mtoto wa watu katika gari la maneno, nikachapa farasi. Siku hiyo nilikuwa kocha katika maana ile kongwe kabisa ya neno. Mtawa wa Iten, aliyefika bila ujuzi wowote wa riadha, alikuwa na kitu nilichokikosa: alijua kwamba hajui, basi akatazama.

Mwaka jana mama yule alikuja nyumbani na binti yake wa mwisho, mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa UMISSETA. Akaniambia, "Mtazame tu, mwalimu. Maneno tutayaweka baadaye." Tulikwenda kwenye njia ya vumbi kando ya mashamba ya alizeti. Binti alikimbia kwenda na kurudi mara nne, nami nikanyamaza. Safari ya nne niliona mguu wa kushoto unatua kwa woga. Nikamwita, nikainama kwa shida, kwa maana magoti yangu nayo yamestaafu, nikamuuliza panapouma. Akanionesha kwa kidole.

"Pumzika wiki mbili," nikamwambia.

Mama yake alitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyepiga makofi.